Namba za Upande wa Ndani

Lorna Tibbets alianza kumshuku Hoyt pale tu fundi huyo alipoinama kando ya trela yake akatikisa kichwa. Mafundi wa mji huu wa Tucumcari ndizo zao! Wakimwona mjane anavuta nyumba yake nyuma ya pikapu, kila kitu kimeharibika.

“Matairi yote manne yabadilishwe, mama,” Hoyt alisema. “Na mapya niyabalansi, trela isitikisike njiani.”

“Wee! Hebu tazama vinywele vya mpira, bado vimesimama. Kaka yangu Verl kanifungia mapya mwezi wa nne, kwa mikono yake. Usinifanye shamba la bibi. Na kubalansi ya nini, wakati humo ndani hapandi mtu?”

“Ukifika kambini, vyombo unavikuta wapi?”

Lorna alikuwa akivikuta sakafuni.

“Tairi la trela huzeeka hata likiwa limesimama,” Hoyt aliendelea. “Umri wake umeandikwa ubavuni, wiki na mwaka. Yako namba zimegeuziwa ndani. Yote manne.”

“Ndani, eti! Nisikokuona, ndiko unakosoma wewe. Lete tochi.”

Akajitupa chini, licha ya goti lake bovu, akatambaa uvunguni akijua atamuumbua Hoyt. Tairi la kwanza: 2311. La pili: 2311. Akafuta vumbi kwa kidole, akasoma tena. Wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2011. Miaka kumi na minne! Na chini ya namba, mpira umejaa nyufa. Kesho angeteremka na trela hiyo milimani kwenda Arizona, nyumba nzima mgongoni, na majivu ya mumewe kabatini.

Akatoka uvunguni, akampigia Verl. Bado alitaka kaka yake awe na jibu.

“Verl, haya matairi ulinunua wapi?”

“Si nilikwambia, dukani. Mapya kabisa. Kwani kuna mtu kasoma upande wa ndani?”

Lorna hakuwa amesema neno juu ya upande wowote. Akakata simu, akakaa juu ya jeki ya Hoyt, akafuta macho kwa mkono mchafu.

“Funga mapya,” alimwambia. “Balansi yote. Na namba zitazame nje.”