Malkia wa Kiberiti

Kwa maelezo ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, mambo yalikwenda hivi: siku mzinga ulipogawanywa, Kitinda alimkamata malkia kwa vidole viwili, akamtia kwenye kiberiti, kiberiti akakitia kifuani. "Nimeona kwa macho yangu haya, nikiwa natunga uzi kwenye sindano," alisema, na anayetunga uzi huwezi kumwambia haoni.

Mama yao aliacha mzinga mmoja na binti wawili. Wakakubaliana: malkia na nusu ya nyuki wabaki kwa dada mkubwa, nusu nyingine waende kwa Kitinda pamoja na mayai, wajilelee malkia mpya. Tangu maneno ya fundi yamfikie, dada alikuwa akiitikia salamu kwa pua.

"Leo utafungua mbele yangu," dada alisema, kasimama uwani, kajifunika shuka hadi machoni. "Nimwone huyo malkia wa kiberiti."

"Karibu, dada. Ila usipunge mikono, watadhani umekuja kwa shari."

"Kwani nimekuja kwa nini?"

Kitinda alipuliza moshi kidogo, akangoja. Alipoinua kifuniko hakupenda alichosikia. Haukuwa ule mvumo wa kazi. Ulikuwa mlio mrefu, kama wa watu waliojaa kwenye nyumba ya msiba.

Akatoa fremu ya kwanza, ya pili. Malkia wa mama alikuwa na doa jekundu mgongoni, rangi ya kucha ya dada mwenyewe; kama angekuwemo asingefichika. Kwa kitambo Kitinda akatamani fundi awe amesema kweli.

Akaelekeza sega kwenye jua, akachungulia ndani kabisa ya kila kitundu, pale mayai yanaposimama wima kama vipande vya uzi mweupe. Patupu. Hakuna yai, hakuna jana, yule mtoto wa nyuki, hata mmoja. Pembeni chumba cha malkia, kirefu kama karanga, kilikuwa wazi nchani. Malkia mpya alizaliwa, akaruka kwenda kutafuta mume, asirudi. Huenda ndege alimdaka.

"Hayupo," alisema.

Dada alishusha shuka, akakagua kila fremu mbele na nyuma. "Na wangu je?"

"Wako yuko kwako. Asubuhi nyuki wako walikuwa wanaingia na chavua miguuni, manjano tele. Wana watoto wa kulisha hao."

"Sasa mbona umenywea? Si umeshinda?"

"Hawa watazeeka wafe, dada, na hakuna wa kuwafuata." Kitinda alirudisha fremu taratibu, asimbane hata mmoja. "Nipe fremu moja yenye mayai kutoka kwako. Watajilelea malkia mwingine."

Dada alivuka uwa hadi kwenye mzinga wake, akalaza kiganja juu ya kifuniko kama anayepima homa ya mtoto. Akakaa hivyo.

Kitinda alimfuata na bomba la kupulizia moshi mkononi. "Dada," alisema, "nifungue?"