Mama Hufuta Kila Kitu

Kusoma darasa moja na mama yako ni adhabu ambayo simtakii hata adui. Sisi wenye diploma dhaifu tulipelekwa prepa, miezi ya kurudia hesabu na kemia kabla ya chuo kikuu. Ukishinda mtihani unaingia, ukianguka unarudi nyumbani. Mimi Odile, miaka kumi na tisa, na mama yangu Mbelu, mwenye arobaini, tulikaa benchi moja. Wenzangu walimwita Mama Promo, yaani mama wa darasa zima, naye akacheka. Mimi sikucheka.

Alitaka kusomea kilimo. Ana shamba Mikelenge, na tangu utoto wangu nimemsikia akisema iko siku atajua kwa nini muhogo wake unaozea ardhini. Vita ndivyo vilivyomkatizia shule; diploma aliipata ukubwani.

Kwenye mtihani wa hesabu alipata majibu yote, akapewa sufuri. Asistanti Numbi, mwalimu wetu, alisema majibu yasiyo na njia ni ya wizi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa karibu, basi ameniibia mimi. Nilikasirika mpaka nikasahau aibu. Mimi nilipata saba juu ya ishirini. Angeniibia mimi tungeanguka wote wawili.

Njia zake niliziona. Aliandika kwa penseli, akapata jibu, akafuta kila mstari, akapuliza vumbi. Hata nyumbani, akipiga hesabu ya mbegu kwa mkaa juu ya kibao, hufuta. Nilidhani ni usafi.

Asistanti akampa nafasi ya mwisho: afanye hesabu moja ubaoni, mbele yetu sote. Mama akaandika upesi mpaka akafikia jibu, na kabla Asistanti hajavaa miwani, kiganja kilikuwa kimeshapita. Darasa likaangua kicheko. Mama akautazama mkono wake uliojaa chaki.

Asistanti akamuuliza kama anamdhihaki. Ndipo mama akaeleza, polepole. Wakati wa vita walisomea chumba cha nyuma cha nyumba moja huko Alunguli, mwalimu akiandika ukutani kwa mkaa, mwanafunzi mmoja akisimama mlangoni kuchunga njia. Hesabu ikiisha inafutwa, maana askari walikuwa wanatafuta vijana wa kupeleka vitani, na wakiona maandishi watajua vijana wamo humo.

"Siku moja sikufuta," alisema. "Ilikuwa hesabu ya nguvu, na niliipata miye peke yangu. Nikapenda ikae kidogo. Njo waliikuta. Wakatungojea pale mpaka kesho yake. Wakamubeba Ngeleka."

Ngeleka ni kaka yake. Nyumbani iko picha yake moja, na sijawahi kuambiwa zaidi ya kwamba vita vilimchukua. Niliumia kwamba nimelisikia hili pamoja na watu waliokuwa wakimcheka.

Asistanti akampa chaki. "Andika tena, mama. Iache pale."

Akaandika mstari mmoja, kiganja kikaufuta. Akaandika tena, kikafuta tena. Machozi yalimtoka. Nikaona chuo kinampita hivi hivi, kwa sababu ya mkono wake mwenyewe. Nikainuka, nikapita kati ya mabenchi, nikasimama mlangoni, uso nje.

"Andika, mama," nikamwambia. "Niko nachunga njia. Hakuna mutu."

Nikasikia chaki ikianza, ikiendelea. Sikugeuka mpaka Asistanti aliposema ameisoma yote.