Pepo wa Cherehani Namba Saba

Wali wa shayiri ulipokwisha kuliwa na makopo ya chakula kufungwa katika vitambaa vyake, Bongim, ambaye kazi yake ilikuwa kukata nyuzi na kufagia, aliketi kwenye cherehani namba saba akaanza kushona kola za makoti. Hakuwahi kufundishwa kushona. Alishona rundo zima, mshono umenyooka, na kila alipomaliza kola alikata uzi kwa meno ya kushoto, kama alivyokuwa akifanya Yeonhui. Yeonhui alikuwa amekufa tangu mwezi wa tatu, na kiti chake hakikuwa kimekaliwa na mtu.

Bwana Ma, msimamizi, aliinua kola moja akaitazama kwenye taa.

"Namba saba amerudi kazini," alisema. "Mleteeni na mifuko ashone."

Hakuna aliyeshangaa. Ulikuwa mwezi wa sita, Seoul yote inatokota, na wasichana wale walikuwa wakishona makoti ya baridi kali yaliyojazwa pamba, kwenye roshani ya mbao ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima. Vumbi la pamba liliwaganda kwenye nyusi hata mabinti wa miaka kumi na sita wakaonekana vikongwe. Aliyezoea hayo hashtushwi na pepo anayejua kazi.

Alasiri Bongim alianza kukohoa. Aliinuka, akashuka ngazi hadi mlangoni, akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Fungua. Natoka kidogo tu."

"Bado," alisema Bwana Ma.

Bongim akaupiga mlango kwa paji la uso, mara moja, mara ya pili, hadi ngozi ikapasuka. Wenzake wawili walimshika mikono wakamrudisha. Mmoja alikuwa Okbun, mkubwa wao, na mwingine alikuwa Pilsun. Watatu hao walipanga chumba kimoja mlimani, na zamani walikuwa wanne, Yeonhui akilala upande wa ukutani.

Maneno yale kila mtu aliyajua. Mlango ulifungwa kwa kufuli asubuhi na kufunguliwa jioni, makoti yakishahesabiwa, ili mtu asitoke na kitambaa tumboni. Siku ile ya mwezi wa tatu Yeonhui alikuwa akikohoa damu kwenye kiganja. Alikwenda mlangoni akaomba kutoka kidogo tu. Oda ilikuwa inasubiriwa. Akaambiwa bado, akarudi akakaa, akaegemeza kichwa kwenye cherehani, na ilipofika jioni mlango ulifunguliwa yeye akiwa amekwisha poa. Kusema kweli Bwana Ma hakuwa mtu mbaya kupita kiasi. Alikuwa na ufunguo tu.

Pilsun alikuwa mchawi. Sisi watu wa hapa tuna neno zuri zaidi la mtu kama yeye, lakini tunalitumia mtoto akiugua, tena kwa mlango wa nyuma. Mchana tunasema mchawi na kutema mate. Mizimu ilimshukia akiwa na miaka kumi na minne, ikamlaza miezi mitatu bila kula, na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa wa kazi hiyo hiyo, akamtambua mzimu mkubwa miongoni mwao: mzee mmoja Jemedari aliyeuawa vitani zamani, mpenda nyama ya nguruwe na tumbaku. Mama yake hakutaka kusikia. Alimpandisha treni akamwambia, "Nenda ukajifunze kazi ya watu." Pilsun alijifunza. Kwa miaka mitatu alimwomba Jemedari akae kimya, naye Jemedari alikaa kimya, ila mara moja moja alimwomba tumbaku.

Kesho yake pepo alimwacha Bongim akampanda Okbun. Keshokutwa yake akamrudia Bongim. Aliyepandwa alishona kama mashine na kukohoa hadi leso ikawa nyekundu, na pepo alipohama, kikohozi hakikuhama naye. Chumbani mlimani wote wawili walilala wakiwa wamekunjana, mifupa ya mabega inaonekana.

"Tupunge basi," Okbun alimwambia Pilsun asubuhi wakichota maji. "Si wewe ndiye mchawi wetu? Au unangoja tukuletee mwaliko?"

"Nikipunga mara moja, dada, sitaacha tena. Nitakuwa yule wa kutemewa mate."

"Kwani mshona makoti anapewa ua?"

Pilsun alicheka. Kisha akaona damu kwenye ncha ya taulo la Okbun, na kicheko kikamkauka. Aliwapenda watu wawili duniani kuliko nafsi yake, na wote wawili walikuwa wanakwisha mbele ya macho yake kama mshumaa uliowashwa ncha zote mbili.

Walipunga saa ya chakula, kwa kuwa hiyo tu ndiyo ilikuwa yao. Pilsun alijifunga sketi ya mabaki ya bitana nyekundu. Juu ya meza ya kukatia aliweka tunda moja la pea, birika la pombe ya mchele, na samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, maana uzi angalau haukukosekana. Okbun, ambaye siku hiyo hakuwa amepandwa, alipewa mfuniko wa sufuria aupige. Bongim aliketishwa kwenye kiti namba saba.

Tatizo lilikuwa dari. Kwetu mganga huruka, tena huruka juu, ndipo mizimu ishuke. Pilsun aliporuka aligonga kichwa. Akaruka kwa magoti, akagonga tena. Jemedari alishuka hivyo hivyo, amejikunja, akilalamika kwa mdomo wa Pilsun kwamba amepigana vita kwenye mapango yenye nafasi kuliko hapa. Akaomba tumbaku. Mpiga pasi akampa sigara yake.

"Yeonhui!" Pilsun aliita. "Yeonhui wa namba saba, njoo uagane nasi!"

Yeonhui akaja. Alisimama karibu na meza ya pasi, binti mnene wa miaka ishirini, suruali imekunjwa hadi mapajani, miguu imejaa tope la shamba la mpunga, mkononi ameshika fungu la miche. Maji yalichuruzika kwenye mbao.

"Nani ananiita msimu wa kupandikiza?" alisema. "Mama ataniona nimesimama shambani kama mlingoti."

Okbun aliacha kupiga sufuria. Huyu hakuwa mtu aliyelala nao chumba kimoja.

"Wewe ndiye Yeonhui?" Pilsun aliuliza.

"Ndiye. Ulikuwa unamtaka nani?"

"Yeonhui aliyekufa."

"Mimi sijafa, mdogo wangu. Nina matope tu."

Kisha yule binti alitazama kiti namba saba, akamwona Bongim akikata uzi kwa meno ya kushoto. Fungu la miche lilimtoka mkononi.

"Huyo ni Hunam," alisema. "Ni mdogo wangu."

Kosa la jina lilikuwa la Pilsun, na kwa jengo lile lilikuwa kosa la kawaida. Waliokuwa hawajafikisha umri wa kuajiriwa walikuja na vyeti vya kuzaliwa vya dada zao, na nusu ya wasichana wa roshani ile walikuwa wanaitika majina ya watu waliobaki kijijini wakichunga bata. Hata Bongim hakuwa Bongim. Hunam alitoka nyumbani na miaka kumi na miwili, na jina la dada yake likamkaa kama koti la mkubwa. Alikufa na miaka kumi na minne akiwa bado anaitwa namba saba mchana na Yeonhui jioni. Mfu haitiki jina la kuazima.

"Alikufa lini?" aliuliza dada yake.

"Mwezi wa tatu."

"Tuliletewa habari kwamba ametoroka na mwanamume. Baba amekataza asitajwe." Aliketi chini kwenye vumbi la pamba, matope na yote, akalia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa mashambani, bila kuficha uso. Wasichana walimsogezea birika la pombe. Hawakuwa na kingine cha kumpa.

Pilsun akaita tena, sasa polepole. "Hunam."

Bongim aligeuza kichwa. "Abee," alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Unataka nini, Hunam?"

"Nataka kutoka."

"Pepo hupita hata ukutani. Na kila jioni mlango unafunguliwa. Mbona hutoki nasi?"

"Jioni unafunguliwa kwa ajili ya makoti. Mimi nataka ufunguliwe kwa ajili yangu."

Pilsun alishuka ngazi hadi alipokuwa Bwana Ma, akila tambi karibu na kufuli.

"Bwana Ma, fungua mara moja tu, kisha funga. Namba saba atatoka, na watu watapona."

"Leo namba saba," alisema Bwana Ma, akipuliza tambi. "Kesho mwenye tumbo la kuhara. Keshokutwa mwenye mama mgonjwa. Wazima wakiona mlango umefunguliwa kwa mfu, watasemaje?"

"Watasema kumbe unafunguka."

"Ndiyo hilo." Alitafuna akameza. "Mimi nashika ufunguo, binti, mlango si wangu. Kamwambie tajiri."

"Tajiri yuko wapi?"

"Hajawahi kupanda huku."

Pilsun aliporudi roshani, pepo alikuwa amesikia jibu. Mkono wa Bongim ulikuwa umechukua uzi wa kushonea, ukauzungusha shingoni mwa Bongim mwenyewe mara nyingi, na sasa ulikuwa unavuta. Uso wa Bongim ulikuwa umeiva. Okbun alivuta uzi kwa mikono miwili, vidole vikamchanika. Jemedari, aliyeua watu wengi maishani mwake, alisema hajui la kumfanya mtoto.

"Hunam, mwache," alisema Pilsun. "Mlilala blanketi moja. Alikuwa akikupasulia njugu."

"Alinisikia nikiomba," alisema pepo. "Nyote mlinisikia. Hakuna cherehani iliyosimama."

Hilo lilikuwa kweli. Siku ile walikuwa wameinamisha vichwa, wakakanyaga mashine kwa nguvu zaidi ili wasimsikie.

"Tulikusikia," alisema Pilsun. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. "Mimi nilikuwa cherehani ya sita. Nilikusikia kuliko wote. Basi waache hawa, uje kwangu na kikohozi chako. Mimi nimeshazoea wageni. Uwe na kiti kwangu, na kila siku nitakwenda mlangoni pamoja nawe."

"Pilsun, hapana!" Okbun alipiga kelele. "Utakohoa wewe!"

"Piga sufuria, dada."

Okbun alipiga sufuria huku analia. Pilsun alimkumbatia Bongim, na uzi ukalegea. Hunam aliingia kimyakimya, kama mtu anayeingia chumba walichokwisha kulala wengine. Jemedari alisogea kumpa nafasi, akazima sigara kwa ajili ya kifua chake. Dada mtu aliinuka, akakiweka kiganja chenye tope kwenye shavu la Pilsun, upande ule ambao Hunam alikuwa akichungulia kutoka ndani, kisha akarudi shambani kwa kuwa miche haitoi taarifa kabla ya kunyauka. Tope halikutoka shavuni hadi jioni.

Okbun na Bongim walipona. Walinenepa kidogo, kadiri mtu anavyoweza kunenepa kwa shayiri. Pilsun anakohoa, ila polepole, maana kikohozi kinagawanywa kwa watatu walio mwilini mwake. Anashona kola na mifuko kwa pamoja, na Bwana Ma humletea mafungu mawili na kumlipa moja, akisema mwili ni mmoja. Kwenye kisima cha mlimani wanawake humpisha njia na kutema mate. Wakiuguliwa, huja kwa mlango wa nyuma.

Majira ya mavuno Yeonhui alikuja kwa treni, safari hii kwa mwili wake, na mfuko wa mchele mpya. Alisema ameieleza familia yote. Baba yake alisikiliza hadi mwisho, akasema binti aliyetoroka na mwanamume hahitaji kaburi, akaendelea kunoa mundu. Yeonhui alipika ule mchele, akaweka vijiko viwili mbele ya Pilsun. Pilsun alikula kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, na Yeonhui akauangalia ule wa kushoto hadi bakuli likaisha.

Na kila siku baada ya chakula Pilsun huinuka na kwenda mlangoni. Wasichana wote huondoa miguu kwenye vikanyagio. Cherehani husimama, zote.

"Fungua," anasema Hunam. "Natoka kidogo tu."

"Bado," anasema Bwana Ma.

Pilsun anarudi kukaa, na cherehani zinaanza tena.