Bibi Mkali ni wa Nani?

Kitinda, kama walivyomwita nyumbani kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, aliingia kwa mama yake kama aliyefukuzwa na nyuki, kompyuta kwapani.

"Shikamoo mama. Ile michoro yangu ya zamani iko wapi?"

"Marahaba. Na mimi sijambo, ahsante kwa kuniuliza," mama alijibu bila kuinua macho kwenye shati alilokuwa akilitia kifungo.

Hasira zilikuwa zimempanda Kitinda hadi utosini, na si bure. Mwaka mzima alijifungia chumbani akitengeneza gemu yake, Bibi Mkali: kikongwe mwenye kandambili mkononi, anayewatimua vibaka wanaomwibia nguo kwenye kamba. Sasa mtu asiyemjua, anayejiita Mjukuu wa Kambo, alikuwa amemchukua bibi yule yule, akamtengenezea gemu nyingine na kuigawa bure mtandaoni. Na watu, bila haya, walikuwa wanaipenda.

Kaka yake, mwanasheria, alishamwandalia onyo: gemu hiyo ifutwe mara moja, la sivyo wakutane mahakamani. Kilichobaki ni kuambatanisha michoro ya kwanza ili kuthibitisha kwamba Bibi Mkali ni mali yake. Onyo likishatumwa, bibi angekuwa wake tena, wake peke yake, na hakuna kitu kingine alichokitaka duniani siku ile.

"Hebu nione hicho kilichoibwa," mama alisema.

Kitinda akamfungulia kwanza gemu yake mwenyewe. Mama hakuwahi kuitazama. Siku zote alisema mambo hayo ni ya wenye macho mazima. Bibi akatokea, kilemba kimekaa upande, mguu mmoja ukitangulia kana kwamba umegombana na mwenzake, akafoka: "Ala! Kiazi wewe!"

Mama aliweka shati chini. "Huyu ni mimi."

"Mama, ni mtu wa kubuni tu..."

"Kubuni nini? Mwendo wangu, kilemba changu, kiazi changu! Na kandambili hiyo unaijua vizuri sana." Akachukua simu, akampigia mwanawe mwanasheria na kuweka sauti ya juu. "Baba, mtu akichukua mwendo wa mwenzake akaufanyia biashara bila kumwomba, inakuwaje?"

"Hapo kuna kesi, mama! Nani kakufanyia hivyo? Nimshughulikie!"

"Mdogo wako."

Upande wa pili kaka mtu akaangua kicheko hadi simu ikakwaruza. Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya," mama alisema akikata simu, "sasa nione ya huyo mwizi mwingine."

Gemu ya Mjukuu ilianza na vibaka vile vile. Lakini kila bibi alipomaliza kuwatimua, kulikuwa na kiti mlangoni. Ukimpeleka, anaketi, anavaa kandambili zake, anakunywa chai, na mzee wa jirani anapita kumsalimu, suruali imepigwa pasi. Hupati pointi hata moja. Bibi anakaa tu, na anainuka akipenda mwenyewe.

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Akamketisha bibi, akamketisha tena. Kisha akageuka. "Kwenye ya kwako, mwanangu, mimi nakaa wapi?"

Kitinda aliipitia kichwani hatua kwa hatua. Kwenye gemu yake hapakuwa na pa kukaa. Bibi alikimbia mpaka akaanguka, na akianguka anaanzishwa upya. Ndivyo alivyomwona mama yake tangu utotoni, mbio mbio, na hakuwahi hata kujiuliza kama anachoka. Roho ikamuuma. Mtu asiyemjua mama yake hata kwa sura alikuwa amemwonea huruma kumshinda yeye. Akalifuta onyo.

Badala yake waliandika ruhusa: Mjukuu aendelee, asiuze, na aseme wazi bibi ametoka kwa nani. Mama akaongeza sharti lake: yule mzee apunguziwe kitambi, na asije tena mikono mitupu.

Jibu lilirudi upesi. Mjukuu alikuwa amekaa roho juu, akingoja kufutiwa kazi yake, na sasa alishukuru hadi akakosea herufi. Mwishoni aliuliza: "Kwani bibi yupo kweli?"

"Mwambie yupo," mama aliamuru, "na anakubali maombi ya ndoa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama ndiye aliyetangulia kunyamaza. "Huyo umempa ruhusa. Ya kwako wewe nani alikupa?"

Kitinda akapiga magoti, nusu utani, nusu kweli. "Mama, naomba mwendo wako, kilemba chako na kiazi chako."

Mama alimtazama kwa raha zake zote, wala hakuzificha.

"Nitafikiria," alisema, akaegemea na kunyoosha miguu. "Leo utapika wewe. Mimi nimekaa."