Marahaba ya Bibi Nakijwa

Bibi Nakijwa wa Chome alifikishwa zahanati kwa machela, akiugulia maumivu chini ya mbavu za kulia tangu juzi, alipokula mbuzi wa sherehe ya kijiji cha ujamaa.

"Gesi tu hii," alimfokea mganga Hezroni. "Nipe dawa nirudi shambani."

Hezroni naye hakuwa mtu wa kufokewa, ila alijizuia. Homa ilikuwa kidogo, macho hayakuwa na umanjano, presha ilikuwa nzuri, na akili zilikuwa timamu kabisa, maana bibi alishamtajia makosa yake yote tangu ahamie kijijini. Kilichobaki ni kumbonyeza penye nyongo huku bibi akivuta pumzi ndefu; ikikatika kwa maumivu, basi nyongo ndiyo mgonjwa. Lakini kila alipoambiwa avute, bibi alivuta kidogo tu, kama anayeonja ugoro wa jirani.

Hezroni akazamisha vidole chini ya mbavu, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Tangu kuzaliwa kwake, Bibi Nakijwa hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia. Akajaza kifua.

"Mara..."

Pumzi ikakatika, machozi yakamtoka, na kofi likatua mkononi mwa mganga.

"Nyongo imevimba," alisema Hezroni, akicheka huku akijisugua. "Hujazidiwa bado, ila leo hii unashuka hospitali Same kwa lori la kijiji."

Wiki tatu baadaye Hezroni alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati, bibi akapita na jembe begani. Kabla mganga hajamsalimia, sauti ikavuma mpaka msitu wa Shengena:

"...haba!"