Thelathini na Saba na Nusu

Wachuka alikuwa ameandika nane, na Mwalimu Hezekiah akamwita mbele ya darasa la sita ili amsute vizuri. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: fundi ana ubao wa futi thelathini, kila benchi inataka futi nne, je, atapata benchi ngapi?

"Nilipata saba na nusu," Wachuka alisema, "nikaongeza ikawa nane."

"Na hiyo ya nane utaikalia namna gani? Jibu ni saba! Nusu ya benchi ni kuni."

Darasa likaangua kicheko. Mtoto akainama. "Lakini Mwalimu, si wewe ulisema nusu inaongezwa inakuwa moja?"

Ni kweli, alikuwa amesema. Tena hakusema darasani tu. Chaki ilimponyoka, akashika meza kwa mikono miwili, na watoto wakadhani ni malaria.

Baada ya Uhuru watu wa Naro Moru walichanga wakanunua shamba la mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ekari mia mbili na arobaini. Kazi ya hesabu alipewa Hezekiah, maana ndiye aliyesoma. Sehemu moja ya sita iwe ya shule, kanisa na barabara. Robo ya iliyobaki ni mawe na kinamasi, haifai kitu. Iliyosalia igawanywe ekari nne nne, na kipande chochote kisichotimia nne asipewe mtu, kiwe cha josho la ng'ombe. Hilo la josho walilikubali wote kwa kuinua mikono. Hezekiah akagawanya ekari mia moja na hamsini kwa nne, akapata thelathini na saba na nusu, akaongeza kama alivyozoea kuwaongezea watoto. Wanachama walikuwa thelathini na saba, naye akiwa mmoja wao. Jumapili akatangaza kanisani kwamba bado kuna nafasi ya mtu mmoja.

Nafasi hiyo alipewa Ngendo, mjane ambaye nyumba yake ilichomwa wakati wa hali ya hatari, na tangu hapo akawa analala kwenye pembe ya shamba la shemeji yake, leo anavumiliwa, kesho anafukuzwa. Alitoa mbuzi wake wote. Hezekiah mwenyewe ndiye aliyempelekea habari njema, akanywa uji wake, akabarikiwa.

Na kura ya kugawana vipande ilikuwa alasiri ya siku hiyo hiyo ya swali la benchi!

Aliwaacha watoto, akakimbia mpaka kwa mwenyekiti, Mzee Kingori, akamweleza huku pumzi zikimkatika. Mzee alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Sasa wewe nyamaza," alisema. "Watu iko na panga huko, wamekuja kufyeka mipaka. Ukisema saa hii, tutazikana."

"Na yule atakosa?"

"Atakosa. Andika namba zako, na karatasi moja uache bila kitu. Mungu ndiye atachagua."

Mungu! Hesabu akosee mwalimu, aibu abebeshwe Mungu. Lakini Hezekiah aliandika. Alikunja karatasi moja tupu na kuitupa ndani ya kofia pamoja na zile nyingine, huku akiomba, Bwana nisamehe, isiwe yangu. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shule. Baba yake hakumwachia hata pa kuzikwa.

Wanaume walichota kwanza, kama ilivyokuwa desturi, kila mtu akisoma namba yake kwa sauti na watu wakishangilia. Hezekiah alipata kumi na mbili, kando ya mto. Mkewe Murugi alipiga kigelegele, akakimbilia huko na jembe begani. Furaha ilimpanda Hezekiah kooni, na papo hapo akajichukia. Kisha wakaja wajane. Kila karatasi ilipofunguliwa na kusomwa, aliona kofia inazidi kuwa nyepesi.

Ikabaki moja. Ngendo aliitoa, akaifungua, akaitazama, akatabasamu. Hakujua kusoma. Alimjia moja kwa moja.

"Mwarimu, nisomee. Mimi niko na macho lakini haisomi. Nimepata wapi?"

Karatasi ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Kwenye mfuko wa koti lake kumi na mbili ilikuwa inamchoma. Alifungua mdomo ili aitamke. Ng'ambo, Murugi alikuwa ameshalima matuta mawili na watoto wao wanaokota mawe. Mzee Kingori alikuwa anatazama mlima.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa yake, "yako... yako iko kule juu. Karibu na josho."

Umati ulilipuka kwa vigelegele. Ngendo alimshika mikono yote miwili na kuibusu, akimwita mwanangu, kisha akaokota jembe lake. Alisema mvua iko karibu, ataanza na maharagwe. Alipanda kilima kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo, na Hezekiah akamfuata nyuma, akifungua mdomo na kuufunga, hata wakafika kwenye vigingi vya zile ekari mbili za josho, na Ngendo akavua shuka na kuanza kulima.