Kanisa Zima Lilinipeleka Tanzania

Kosa lilianzia kwenye simu ya mama. Alikuwa ndani ya treni akitoka kazini, akampigia Mchungaji Vénérand kumwomba kanisa liniombee. Alimwambia, "Aksanti ameitwa intavyu ya udaktari, Tasmania." Treni nyingine ikapita kwa kelele, na Mchungaji akasikia alichosikia.

Jumapili akatangaza, "Dada yetu Aksanti, binti wa Mama Cécile, anatafuta nafasi ya kusomea udaktari Tanzania. Tusimame tumwombee."

Sasa, karibu kanisa letu lote hapa Sydney limepitia kambi ya wakimbizi. Wengi tuliishi Tanzania miaka na miaka, pale Nyarugusu, tukijaza fomu za kutoka. Watu walisimama, ndiyo, lakini polepole. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Anarudi? Kwani hapa amefanya nini?"

Mama siku hiyo alikuwa kwenye shifti, kwa hiyo wa kusahihisha nilikuwa mimi. Na mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa kwenye treni, ninaomba msamaha. Nikaletewa maikrofoni. Nikaishika kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikasema, "Asanteni." Nikaketi.

Ibada ilipokwisha, Tantine Nibigira akaniwahi mlangoni. Ni Mrundi, rafiki wa mama tangu kambini, shangazi wa kanisa zima, na Mungu hakumpa sauti ya chini.

"Yewe, mwanangu! Hapa Sydney hawafundishi udaktari?"

"Wanafundisha, Tantine. Wamenikataa mara mbili."

"Mara mbili tu? Mimi faili langu la kutoka kambini lilirudishwa mara nne. Nilikata tamaa? Nilikaa palepale mlangoni mpaka wakachoka na sura yangu."

"Tantine, siyo Tan—"

"Sikukatazi! Nenda. Ila utanibebea kakitu kadogo, dada yangu bado yuko kule."

Kakitu kadogo kalifika nyumbani kwetu Toongabbie mchana uleule, kakibebwa na watu wawili. Wengine wakafuata. Blanketi, dawa ya mgongo, gauni la harusi ya mtu nisiyemjua. Mzee Balthazar alileta chandarua kipya, akasema mbu wa Kasulu, kule karibu na kambi, anawafahamu vizuri na hawana heshima kwa madaktari. Nilipokea vyote. Nilimshukuru kila mmoja.

Mama aliporudi jioni alinikuta nimeketi katikati ya mafurushi saba. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, viatu vya kazi bado miguuni. Kisha akampigia Tantine Nibigira, na hata bila kuweka spika nilisikia jibu.

"Tasmania? Ndiyo wapi?"

"Ni hapahapa Australia. Kisiwa, kule chini."

"Kisiwa! Katikati ya maji! Cécile, heri Tanzania!"

Mama alikata simu akiwa bado anacheka. Halafu kicheko kikamwisha. Akaanza kukunja chandarua cha Mzee Balthazar, ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Na ukipata," akasema, "utaenda kweli?"

"Nikipata, mama."

"Bon, sawa," akasema, na akaenda kuoga.

Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika wa kupata. Tasmania ni jimbo jingine, na kule nafasi nyingi ni za wenyeji. Sisi wa nje tunagombania chache zinazobaki. Nilikuwa nimejiambia kwamba hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Nikikosa, nitaendelea kuwalisha wazee uji kwenye kituo ninachofanyia kazi, kazi ambayo naipenda, na nitaacha kujiita daktari mbele ya kioo cha bafuni.

Kaka Muema ndiye aliyenifundisha intavyu. Ni jirani yetu, Mkenya, nesi wa hospitali ya Westmead, na huwa anaongea kana kwamba kuna mgonjwa anamngoja. Kila jioni wiki ile alikaa kwenye kiti cha mama, miguu juu ya mafurushi.

"Wewe kwao ni mtu wa nje, sawa? Kwa hivyo swali ni moja tu. Kwa nini sisi, na ukimaliza utakaa ama utatoroka urudi Sydney? Sema utakaa. Sema unapenda milima. Sema unapenda baridi."

"Siipendi baridi, kaka."

"Kwani nimekuuliza kama unaipenda? Nimesema sema."

"Napenda milima na baridi."

"Unaiambia zulia ama unaniambia mimi? Inua macho!"

Hapo ndipo penye shida. Mimi nililelewa nisimkodolee macho mtu aliyenizidi umri. Muema akabandika karatasi yenye macho mawili makubwa juu ya kompyuta yangu, akasema niyaangalie hayo, hayana umri. Ilisaidia kidogo. Milima na baridi nikavikariri mpaka nikawa naviota.

Ila nje ya mlango hakuna aliyebadilika. Dukani, kituo cha treni, kila aliyeniona alinisalimia kwa Tanzania. "Daktari wa Tanzania hujambo?" "Safari ya Tanzania lini?" Nami nilijibu, "Bado, karibuni," kwa kuwa mtu akikusalimia kwa furaha namna ile, utamkatiza vipi?

Siku ya intavyu nilivaa koti jeusi la mama juu, na chini suruali ya kulalia. Mama na Tantine Nibigira walikuwa jikoni wameapa kunyamaza. Kwenye skrini walitokea watu wawili: mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, na daktari mzee aliyevaa sweta. Walikuwa wapole. Waliniuliza kuhusu mgonjwa anayekataa dawa, nikawaeleza habari za bibi mmoja kituoni kwetu anayemeza vidonge vyake pale tu ninapomwimbia. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Kisha yule mzee wa sweta akasema, "Wewe ni wa Sydney. Kwa nini umetuchagua sisi?"

Nikainua macho kwa yale macho ya karatasi. Nikasema, kwa sauti safi kuliko zote za siku ile, "Kwa sababu siku zote nimetamani kusoma Tanzania."

Wakatazamana.

Jikoni sufuria ikaanguka.

Nilihisi uso ukiwaka. Milima ikanitoka, baridi ikanitoka, na kwa vile sikuwa na kitu kingine kichwani, nikawaambia yaliyotokea. Simu ya mama kwenye treni, Mchungaji, mafurushi saba, chandarua. Yule mama wa mvi alianza kucheka, akaweka mkono mdomoni, akashindwa. Mzee akavua miwani akafuta machozi kwa ncha ya sweta.

"Basi," akasema alipotulia, "hata hivyo nina wajibu wa kukuuliza. Watu wa nje wengi wakihitimu hawatukumbuki. Wewe utakaa?"

Nilijua jibu la Muema. Lilikuwa pale mdomoni, neno moja tu. Lakini walikuwa wamecheka nami, na niliona aibu kuwadanganya.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kufika. Lakini nitawaambia kitu kuhusu familia yetu. Tulipotoka Uvira, kule Kongo, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Mama alimwambia jirani atutunzie kuku, kwa kuwa tungerudi baada ya wiki mbili. Tulikaa kambini miaka kumi na mmoja. Watu wa kwetu hatujui kukaa kidogo. Mkinichukua kwa miaka mitano, mjihadhari."

Hawakucheka safari hii. Mzee aliandika kitu. Yule mama akasema muda umekwisha, asante sana, na skrini ikawa nyeusi.

Muema alipopata habari alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Umewaambia nini? Ati hujui? Alafu ukalinganisha chuo yao na kambi ya wakimbizi?"

"Ilitoka tu, kaka."

"Imetoka tu. Na kunguni pia uliwatajia?"

"Hapana."

"Afadhali. Angalau hao umewasaza."

Tantine Nibigira alinitisha zaidi kwa upole wake. Alinipakulia wali mara mbili, akaniambia nile.

Zikapita wiki saba. Barua pepe ilikuja alasiri moja, mama akiwa anamenya ndizi na mimi nikipasi sare ya kazi. Nilisoma mstari wa kwanza nikazima pasi. Nikausoma tena.

"Mama. Wamenichukua."

Kisu kikasimama. Hakupiga kigelegele kama nilivyotegemea. Alinawa mikono, akaifuta, akaja kukaa karibu nami, akaitazama skrini ingawa Kiingereza cha barua humchosha.

"Wanataka jibu lini?"

"Kabla ya Ijumaa."

"Ndege kutoka hapa ni muda gani?"

"Karibu saa mbili, mama. Zinapungua kidogo."

Akafikiri.

"Mimi nikiikosa treni yangu Lidcombe," akasema, "nafika kazini kwa muda huohuo. Na kwenye treni hawanipi hata chai." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini kidevu alikiinua. "Basi bonyeza. Unangoja nini? Bonyeza kabla sijawa mama mbaya nikakuzuia."

Nikabonyeza palipoandikwa "Ninakubali", na kabla ukurasa haujafunguka nikabonyeza tena. Ukurasa ukanijibu kwamba tayari nilikwisha kukubali.